Kikombe, sado na kilo: jinsi ya kuchanganya vipimo bila kuharibu chakula

Maelekezo ya maandazi yakisema "unga nusu kilo, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja, tui kiasi", mstari huo mmoja una mizani ya dukani, kikombe kisichojulikana ni cha nani, kijiko ambacho kila nyumba ina cha kwake, na jicho la aliyeandika. Yeye mwenyewe hakosei, kwa sababu kikombe chake ni kile kile na jicho ni lile lile. Anayekosea ni wewe uliyenakili.

Vipimo vya kikombe havihitaji kikombe maalumu. Wali wa kikombe kimoja cha mchele kwa kimoja na nusu cha maji unaiva kwa kikombe cha chai, kwa bilauri, hata kwa kopo tupu la maziwa, mradi mchele na maji vipimwe kwa chombo kimoja. Uwiano ndio unaopika. Balaa huanza pale unga unapokuja kwa kilo na tui kwa kikombe, maana hapo kikombe kinatakiwa kiwe na namba, na kikombe chako hakina namba mpaka ukipe. Kwa hiyo tunaanzia hapo.

Hatua ya 1: Vipe vyombo vyako namba

Unahitaji mizani ndogo ya jikoni ya betri, inayosoma gramu moja moja hadi kilo 5. Weka kikombe kitupu juu yake, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kisha jaza maji mpaka mahali unapojazia siku zote. Gramu utakazosoma ndizo mililita za kikombe hicho, kwa sababu mililita 1 ya maji ina uzito wa gramu 1. Vikombe viwili vya kabati moja vinaweza kutofautiana sana: kimoja mililita 180, kingine 300.

Huna mizani? Nunua chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa. Mimina kwenye kikombe na uhesabu kinajaa mara ngapi. Kikijaa mara mbili barabara, ni cha mililita 250. Kikijaa mara moja na kubakia maji ya kufika theluthi mbili ya kikombe, ni cha 300.

Kijiko usikipime kwa mara moja, tone moja tu linapotosha hesabu. Chota maji vijiko 10, yamimine kwenye chombo kilicho juu ya mizani, kisha gawanya kwa 10. Kijiko cha chai cha mapishi ni mililita 5 na cha chakula ni mililita 15. Vijiko vya kulia tulivyo navyo majumbani havikutengenezwa kwa kupimia, na kijiko cha kulia wali kikigeuka kuwa cha mililita 10 usishangae. Ukikutana na maelekezo kutoka Australia, kijiko chao cha chakula ni mililita 20.

Ukishapata namba, iandike chini ya kikombe kwa kalamu ya wino usiofutika, au chora mstari wa 250 kwa rangi ya kucha upande wa nje. Chagua kikombe kimoja tu kiwe cha kupimia. Kisitumike kunywea chai, maana kitapasuka na kazi utaianza upya.

Hatua ya 2: Jua kila kitu kina uzito gani ndani ya kikombe hicho

Kikombe kinapima nafasi, mizani inapima uzito, na vitu havilingani. Kwa kikombe cha mililita 250 kilichojazwa na kusawazishwa juu kwa mgongo wa kisu, makadirio ya kufanyia kazi ni haya:

Maji au maziwa: gramu 250
Mafuta ya kupikia: gramu 230
Mchele: gramu 200
Sukari nyeupe: gramu 210
Unga wa ngano uliotiwa kwa kijiko bila kushindiliwa: gramu 130
Chumvi laini: gramu 300
Asali: gramu 350

Mchele na sukari havina ujanja. Unga ndio msumbufu. Ukichovya kikombe ndani ya mfuko na kukandamiza kwenye ukuta wake, kikombe kile kile cha 130 kinabeba 160. Katika vikombe vinne umeongeza gramu 120, karibu kikombe kizima, na bado utaapa kwamba umeweka vinne. Kwa hiyo pekua unga kwanza kwa uma, utie kwa kijiko, usigonge kikombe mezani, kisha sawazisha. Sembe na dona hutofautiana kwa usagaji wa kila mashine, basi pima kikombe kimoja cha unga wako na uandike namba hiyo kwenye kopo unamouhifadhi.

Jambo jingine linalosahaulika: kipimo ni cha kabla ya kuloweka au baada? Mchele wa vitumbua ukilala ndani ya maji hunyonya na kuwa mzito zaidi kwa kama robo, na maharage makavu yakilowekwa usiku kucha huwa mazito karibu mara mbili. Nusu kilo ya mchele mkavu na nusu kilo ya mchele uliolowekwa ni mapishi mawili tofauti. Kama maelekezo hayasemi, chukulia ni mkavu, kwa kuwa ndivyo unavyonunuliwa.

Hatua ya 3: Geuza yote mwanzoni, kwenye karatasi

Usigeuze vipimo huku mikono imejaa unga. Andika orodha nzima upya kabla hujagusa chochote, vitu vikavu kwa gramu na vya majimaji kwa mililita. Hamira, chumvi na baking poda viache kwa vijiko vya kupimia, kwa sababu mizani nyingi za jikoni hazisomi vizuri chini ya gramu 5.

Tazama maandazi. Mapishi mazuri ya kawaida ni unga gramu 500, tui mililita 275, sukari gramu 100, hamira ya chenga gramu 7, na iliki. Tui ni asilimia 55 ya unga. Sasa mtu anaambiwa "unga vikombe vinne", anachukua kikombe chake kikubwa cha mililita 300, na tui analipima kwa jagi lenye mistari: mililita 275 sawasawa. Unga wake ni kama gramu 625, na tui limeshuka hadi asilimia 44. Donge linakuwa gumu, halivutiki, andazi likiingia kwenye mafuta linapasuka ubavuni na ndani halifungui mfuko. Mpishi atailaumu hamira. Angetumia kikombe hicho kikubwa kwa unga na kwa tui pia, angepata maandazi mengi zaidi, laini kama kawaida.

Na hamira ina mtego wake. Maelekezo ya Kimarekani yakisema pakiti moja yanamaanisha gramu 7, yaani vijiko vya chai viwili na robo. Pakiti nyingi za madukani kwetu ni za gramu 11. Ukimimina yote, unga unaumuka upesi mno, unashuka kabla mafuta hayajapata moto, na maandazi yananuka uchachu. Pima, kisha kunja pakiti uibane kwa kibanio na uihifadhi kwenye friji.

Kwa nazi, usiandike "nazi mbili". Nazi hazifanani. Kamua, pima tui zito, na kama halijafika kiasi kinachotakiwa jazia tui la pili. Kopo la tui la dukani kwa kawaida ni mililita 400, kwa hiyo mapishi yetu hapo juu yanabakiza mililita 125, zinazofaa kutiwa kwenye mchicha.

Wali na pilau kwa kilo

Mchele unanunuliwa kwa kilo na kupikwa kwa kikombe, na hapa ndipo mchanganyiko unapotokea kila siku. Kilo 1 ya mchele ni takriban vikombe 5 vya mililita 250. Kwa kikombe na nusu cha maji kwa kila kikombe cha mchele, utahitaji vikombe 7 na nusu, yaani karibu lita 1.9. Mchele mpya wa msimu una unyevu wake, upunguze maji. Mchele wa zamani unakunywa zaidi. Basmati iliyolowekwa nusu saa inatosheka na kikombe kimoja na robo.

Ukiongeza chakula kwa ajili ya shughuli, usizidishe maji kwa hesabu ile ile. Sehemu ya maji huondoka kwa mvuke, na sufuria ya kilo 5 haipotezi mvuke mara tano ya sufuria ya kilo 1. Ukitia lita 9 na nusu kwa kilo 5, utapata bokoboko. Anza na lita 8, uwe na maji ya moto pembeni, na uongeze kidogo kidogo ukiona kiini hakijaiva. Chumvi nayo usiitie yote kwa hesabu: tia robo tatu, onja supu, ndipo umalizie.

Maelekezo kutoka Marekani na Uingereza

Kikombe cha Marekani ni mililita 240 kwa hesabu ya jikoni. Ratili moja, ambayo ndugu walio huko huiita pauni, ni gramu 454. Wakia moja ni gramu 28. Kuna pia wakia ya ujazo, ambayo ni takriban mililita 30, na watu wengi huzichanganya. Kwa maji au maziwa tofauti haitaonekana, ila kwa unga itaonekana: wakia 8 za uzito za unga ni gramu 227, na wakia 8 za ujazo, yaani kikombe kimoja, ni kama gramu 125 tu. Siagi yao inafungwa kwa vijiti, na kijiti kimoja ni gramu 113. Ukiwa na kopo la gramu 250, vijiti viwili ni kopo hilo ukibakiza kama vijiko viwili.

Painti ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani 473. Galoni ya Uingereza ni lita 4.55, ya Marekani lita 3.79. Wala usilichanganye jina hilo na galoni letu la plastiki, ambalo linaweza kuwa la lita 5 au hata 20.

Joto la oveni lina njia ya mkato. Kanuni kamili ni kutoa 32, kuzidisha kwa 5 na kugawanya kwa 9. Lakini kati ya 300 na 400 za Farenhaiti, gawanya kwa mbili tu: 350 inakuwa 175, na jibu halisi ni 177. Oveni yenyewe inapepesuka zaidi ya hapo. Ile kanuni ya kutoa 30 na kugawanya kwa mbili ni ya hali ya hewa. Ukiitumia kwenye keki, 350 itakuwa 160, na keki itachelewa kuiva na kukauka juu. Oveni ikiwa na feni, punguza nyuzi 20 za Selsiasi.

Vyombo vya keki huandikwa kwa inchi, na inchi moja ni sentimita 2.54. Cha inchi 8 ni sentimita 20, cha inchi 9 ni 23. Inchi moja inaonekana ndogo, ila eneo la chombo linaongezeka kwa zaidi ya robo. Keki ya inchi 8 ikimiminwa kwenye chombo cha inchi 9 inakuwa nyembamba na inaungua kabla hujaikumbuka. Anza kuichungulia dakika 8 hadi 10 mapema.

Sokoni: sado, debe na gunia

Sado ni kopo la rangi la lita 4. Likijazwa na kufutwa juu, mahindi makavu yanakaribia kilo 3, maharage kilo 3.1, mchele kilo 3.2. Kilele cha juu kinaongeza gramu 200 hivi. Fanya hesabu hii ukiwa umesimama mbele ya muuzaji: bei ya sado gawanya kwa 3, linganisha na bei ya kilo ya jirani yake mwenye mizani. Mara nyingine sado ni rahisi zaidi, mara nyingine unalipia jina.

Kagua kopo kabla ya kupimiwa. Geuza uangalie kitako kama kimebonyezwa kuingia ndani, ingiza mkono ndani uguse kama kuna karatasi au ubao umewekwa chini. Angalia pia mkono wa muuzaji: anayemimina taratibu kutoka karibu anaacha nafasi nyingi katikati ya punje, anayetikisa kopo anazishindilia. Kwa dagaa, mboga kavu na vitunguu, kopo halifai kabisa, omba mizani. Na mizani, kwa sisi wa Tanzania, iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu.

Debe lilikuwa kopo la mafuta ya taa la galoni 4 za Kiingereza, lita 18 na ushee. Leo wengi hutumia ndoo ya lita 20. Ikifutwa juu hubeba kama kilo 15 za mahindi, na kwa kilele kilo 16 hadi 17, ndiyo maana gunia la debe sita huhesabiwa kilo 100. Gunia la mahindi la Kenya huhesabiwa kilo 90, kwa hiyo bei ya gunia ukiisikia kutoka ng'ambo ya mpaka, igeuze kwa kilo kwanza. Gorogoro la huko ni kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2. Kilo hizo zilizoandikwa ubavuni ni za mafuta. Mahindi ni mepesi kuliko mafuta kwa nafasi ile ile, na likifutwa juu halifiki kilo 2.

Vipimo vya zamani vya pwani bado vinaishi, na si katika methali ya haba na haba pekee. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na pishi ya mchele ni kama kilo 2.7. Zaka ya Fitri hutolewa vibaba vinne, na tangazo la kilo hutofautiana kati ya 2 na nusu na 3. Tofauti hiyo inatokana na kibaba kuwa kipimo cha nafasi: vibaba vinne vya mchele, vya ngano na vya tende havitoi uzito mmoja. Fuata kiwango cha msikiti wako. Ukitaka kuwa salama, toa kilo 3.

Nje ya jiko

Dawa ya maji ya mtoto usiipime kwa kijiko cha nyumbani, hata kama ulikipima katika hatua ya 1. Tumia kikombe kidogo au bomba la kunyweshea dawa lililokuja na chupa. Likipotea, omba jingine duka la dawa.

Kitambaa: yadi ni sentimita 91.4. Kitenge cha yadi 6 ni mita 5.5 hivi. Fundi akikwambia mita 6 ukaleta yadi 6, umepungukiwa nusu mita, na hiyo ndiyo iliyokuwa kilemba. Tepu ya fundi ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Andika kizio kila mara. "Kiuno 30" na "kiuno 76" ni mtu mmoja, lakini "mkono 22" unaweza kuwa wa inchi wa mtu mzima au wa sentimita wa mtoto mchanga.

Ujenzi umezoea mchanganyiko: mbao za 2 kwa 4 ni inchi na urefu wake futi, nondo ni milimita, tofali ni inchi, kiwanja ni mita. Mchanganyiko huu hauna shida mpaka mtu ageuze kwa mdomo. Futi 10 ni mita 3.05. Kenchi zikipangwa kwa futi 10 na bati likaja la mita 3, kila bati linapungua sentimita 5, nazo zinatoka kwenye mlalio wa bati juu ya bati. Mvua ya kwanza ya upepo itakuonyesha.

Shambani, ekari ni mita za mraba 4,047, sawa na mraba wenye upande wa mita 63.6. Kanuni ya hatua 70 kwa 70 inakubaliana na hilo kama hatua yako ni sentimita 91. Ukipima mita 70 kwa 70 kwa utepe, umelima ekari moja na robo pungufu kidogo, na mbegu za ekari moja hazitatosha. Maelekezo ya mbolea nayo mara nyingi huandikwa kwa hekta. Hekta ni ekari 2.47, kwa hiyo kilo 125 kwa hekta ni kilo 50 kwa ekari, mfuko mmoja. Aliyesoma hekta akadhani ekari atamwaga mifuko miwili na nusu mahali pa mmoja, na kama ni mbolea ya kukuzia iliyowekwa karibu na shina, majani yataungua kingo ndani ya siku chache.